Shingo za Wapasua Mbao

Katika kazi ya kupasua mbao kwa msumeno mrefu, mtu mmoja husimama juu ya gogo na mwenzake huingia shimoni, chini ya gogo hilohilo. Wa juu anafuata mstari uliopigwa kwa uzi wa makaa, anauongoza msumeno usipotoke, na yeye ndiye anayeitwa fundi. Wa chini anavuta. Anavuta huku ameinua uso, maana lazima aone meno ya msumeno yanatokea wapi, na kila akivuta, unga wa mti unamwangukia machoni. Mimi nilikuwa mtu wa chini. Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja katika misitu ya Walikale, kuanzia Buleusa nilikozaliwa mpaka Mpofi nilikooa, na aliyekuwa juu yangu kwa miaka yote hiyo ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu.

Hesabu yake ni rahisi. Miaka kumi na mmoja mimi nimeangalia juu, yeye ameangalia chini.

Shingo yangu ilikataa siku moja ya manyunyu, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Tulikuwa tunapasua libuyu, mti mwekundu mgumu, kwa ajili ya dari la shule iliyokuwa inajengwa Masisi. Kusema kweli shingo ilikuwa imeanza kulalamika zamani. Nikiigeuza ilitoa sauti kama mtu anayetafuna mchanga, na asubuhi vidole vya mkono wa kuume vilikuwa vimekufa ganzi. Sikusema. Siku hiyo tulipomaliza ubao wa mwisho, shemeji akasema kutoka juu, "Toka, twende tukule."

Nikataka kushusha kichwa. Hakikushuka.

"Toka," akarudia.

"Niko natoka."

"Unaangalia nini?"

"Siangalie kitu. Shingo njo imekatala kurudi."

Akashuka shimoni mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akasimama mbele yangu, lakini uso wake ulikuwa bado umeelekea viatu vyangu. Hapo nikaelewa.

"Na yako?" nikamwuliza.

"Yangu haipande tangu mwezi uliopita," akasema. "Nilikuwa naona haya. Fundi atalia vipi mbele ya mutu wa chini?"

Tukarudi kijijini, mimi nikitazama mawingu, yeye akija nyuma kwa mwendo wake wa kutazama udongo. Jirani wa kwanza aliyeniona alisimama, akaangalia juu na yeye. Wa pili akamwuliza wa kwanza kuna nini, wa kwanza akasema bado hajaona. Nilipofika mlangoni kwangu, nusu ya kijiji ilikuwa nje imeinua nyuso. Mzee mmoja aliyewahi kwenda mpaka Bukavu alieleza kwamba ndege ya chuma hutangulia kusikika kabla ya kuonekana, kwa hiyo watu wanyamaze. Wakanyamaza. Mke wangu akatoka jikoni, akaangalia juu, hakuona kitu, akaniangalia mimi.

"Baba ya batoto, mvua iko inakuja?"

"Hapana. Ni shingo."

"Shingo imefanya nini?"

"Imebaki kazini."

Wakati huo shemeji naye akafika, na waliochoka kungojea ndege wakamgeukia yeye. Walimwuliza amepoteza nini. Kabla hajajibu, wanawake wawili walikuwa wameshainama kumsaidia kutafuta. Walipata sindano ya kushonea, ambayo haikuwa yake wala ya mtu yeyote aliyekuwepo.

Tulijaribu ya nyumbani kwanza. Tulipakwa mafuta ya chatu, tulikandwa kwa majani ya moto. Mzee aliyetukanda alisema tatizo liko wazi: tumekata miti mingi bila kuisemesha kwanza, na mti usioombwa ruhusa hulipiza kwa mwenye kuukata. Shemeji akamjibu kwamba yeye amebatizwa, na ruhusa anaomba kwa misioni tu. Mimi pia nimebatizwa. Hata hivyo kesho yake asubuhi nilienda peke yangu mpaka kwenye kisiki cha libuyu ile, nikaomba radhi, kwa sababu shingo iliyokuwa inauma ilikuwa yangu, haikuwa ya misioni. Kisiki hakikujibu, na maumivu yakaendelea kuteremka begani.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nashindwa kumega bugali. Mke wangu aliniangalia nikijilisha kwa mkono wa kushoto, uso umeelekea paa, bugali ikipotea njiani, akasema, "Muende Masisi kwa dispanseri. Wote wawili. Mimi siwezi kupikia banaume babili na kila mumoja anaangalia pembe yake."

Kutoka Mpofi mpaka Masisi ilikuwa safari ya siku tatu kwa mguu, unaacha msitu unapanda vilima. Mwanzo wa safari tuligombana kuhusu nani atangulie. Mimi sikuona njia. Shemeji hakuona kitu kilichozidi urefu wa kiuno. Kabla ya kufika kijito cha kwanza mimi nilikuwa nimeanguka mara mbili, naye amepigwa na matawi mara nne, la mwisho likamchania sikio. Tukakaa chini, tukapatana. Yeye atatangulia, mimi nitamshika bega. Yeye atasema mambo ya chini, mimi nitasema mambo ya juu.

"Jiwe," alikuwa akisema. "Shimo kuume. Siafu, ruka."

"Inama," nilikuwa nikisema. "Tawi. Tawi lingine. Hapo kuna asali kwa mti, tukumbuke tukirudi."

Kwa mwendo huo tulikuwa mtu mmoja mzima, ingawa mtu mwenyewe alikwenda polepole sana. Pale kwenye daraja la kamba tulikaa muda mrefu, kwa sababu shemeji aliona mto wote kupitia fito za daraja akakataa kukanyaga, nami sikuona mto hata kidogo, kwa hiyo sikuogopa. Ilibidi nimsukume. Nilimsukuma kwa heshima, maana ni shemeji mkubwa, nikimwambia kila hatua kwamba mbingu ni safi na hakuna wingu. Alisema habari za mbingu hazimsaidii.

Siku ya pili tulikutana na Mzungu wa kilimo barabarani, yule aliyekuwa akikagua mashamba. Zamani hizo ukikutana na mtu kama huyo unavua kofia na kumwamkia. Tulivua kofia. Mimi uso wangu ulikuwa kwenye vilele vya miti, juu ya kichwa chake. Shemeji uso wake ulikuwa kwenye viatu vya Mzungu. Mzungu alisimama, akatuzunguka. Kisha akamwonyesha shemeji kwa fimbo, akawaambia wale aliokuwa nao, "Huyu ana heshima." Akanionyesha mimi. "Huyu ana kiburi." Akaniamuru nimwangalie. Nikapinda magoti, nikarudi nyuma hatua mbili mpaka akaingia machoni mwangu, nikamwamkia kutoka hapo chini. Sijui alidhani nafanya nini. Aliondoka kwa mwendo wa haraka.

Shemeji alisifiwa kwa ajili ya ugonjwa wake, na sifa ile aliila safari yote iliyobaki. Kila nilipotaka kusema kitu alinikumbusha nani ana heshima.

Dispanseri ya Masisi ilikuwa nyumba ndefu ya matofali juu ya kilima, na mbele yake majani mabichi ambamo ng'ombe wa watu walikuwa wakila. Aliyetupokea alikuwa infirmie Mkongo, muuguzi wa koti jeupe, mtu asiyecheka. Akatukalisha kwenye benchi moja, akatushika shingo zetu, yangu kwa mkono huu na yake kwa mkono ule, kana kwamba anachagua kuku sokoni.

"Miguu inakufa?" akauliza.

"Hapana."

"Mukojo inatoka bila ruhusa?"

Tukasema hapana, shemeji kwa sauti kubwa kidogo kuliko inavyohitajika.

"Basi iko vizuri. Kazi yenu ni gani?"

Tukamweleza. Akamwangalia huyu, akamwangalia yule. Nadhani siku hiyo alikaribia kucheka. Akaingia ndani, akarudi na mifupa miwili ya shingo ya ng'ombe, iliyochemshwa ikawa nyeupe. Mmoja ulikuwa wa ndama, laini pande zote. Mwingine ulikuwa wa ng'ombe mzee, na kandokando yake umeota vinundu vikali kama meno.

"Kati ya mufupa na mufupa iko kitu kama godoro," akasema. "Miaka na kazi inakondesha lile godoro. Godoro likikonda, mifupa inasogeleana, na mufupa unaota hizi pembe ndogo. Pembe inagusa mushipa, njo maana mukono unakufa ganzi. Shingo zenu ziko hivi." Akainua ule wa ng'ombe mzee.

Shemeji akaupokea, akaupapasa. Kwa kuwa ulikuwa chini ya macho yake aliuona vizuri kuliko mimi.

"Utatutolea hizi pembe?" akauliza.

"Hazitokake."

"Sindano?"

"Sindano ya kurudisha godoro haiko. Dawa yake ni kazi ya kuzoeza shingo."

"Tumetembea siku tatu," shemeji akasema polepole, "kazi njo ilituua, na dawa iko kazi."

"Njo vile," akasema infirmie.

Akatufundisha. Zoezi la kwanza lilikuwa la kidevu: fikiri mtu mkubwa amekukaribia na mdomo wake unanuka, huwezi kugeuka kwa sababu ya heshima, kwa hiyo unarudisha kichwa nyuma kikiwa kimenyooka, kidevu kimeingia ndani. La pili, kugeuza uso kushoto polepole, kusimama kabla maumivu hayajafika, kuhesabu tano, kurudi, kisha kulia. La tatu, kuweka kiganja kwenye paji la uso na kusukuma, na kichwa kinakataa. Halafu kisogo, halafu kila upande, na katika yote hayo shingo haisogei hata kidogo. La nne, kurudisha mabega nyuma kana kwamba umeshika yai kati ya mifupa ya mabega na hutaki kulivunja. Kila zoezi mara kumi. Asubuhi, saa sita ya mchana, na kabla ya kulala. Usipitishe saa, usizidishe hesabu, usikate katikati.

"Na la mwisho," akasema. "Mubadilishane. Leo huyu juu ya gogo, kesho yule. Shingo haitake kuangalia pahali pamoja maisha yake yote."

Tulikaa Masisi siku tano kwa binamu ya mke wangu, aliyetulisha viazi na mashanza, yale maziwa mazito yaliyoganda. Kila asubuhi infirmie alitusimamia. Siku ya tatu macho yangu yaliteremka mpaka usawa wa madirisha. Siku ya tano niliona miguu yangu, ambayo sikuwa nimeiona kwa majuma matatu. Ilikuwa michafu sana na nikaona haya kwa wote niliokutana nao. Shemeji alipanda kutoka viatu vya watu mpaka vifungo vya mashati, akaishia hapo.

Njiani tukirudi nilimkumbusha juu ya kubadilishana.

"Ile ya mwisho hakuisema," shemeji akanijibu.

"Aliisema. Nilisikia."

"Mimi sikusikia. Nilikuwa naangalia chini."

Tulianza mazoezi nyumbani kwa bidii. Shida ilikuja siku ya Jumapili. Kanisa letu lilikuwa la udongo na manyasi, na mabenchi yake tulikuwa tumeyapasua sisi wenyewe. Padri alikuja mara chache. Kwa kawaida alitusalisha katekista, mtu mwembamba wa maneno mengi. Alikuwa na desturi ya kutuuliza upya yale maswali ya ubatizo, ili tusisahau tulichoahidi. Siku hiyo mahubiri yalirefuka. Shemeji, ambaye bado macho yake yalikaa sakafuni, aliona mwanga wa jua unaoingia mlangoni umefika kwenye mguu wa benchi la tatu. Kila mtu alijua hiyo ni saa sita.

"Saa imefika," akaninong'oneza.

"Ngoja amalize."

"Infirmie alisema tusipitishe."

Tukaanza. Mimi nilichagua lile la kugeuza uso, kwa sababu la kusukuma paji kwa kiganja nililiona linazidi mipaka ndani ya kanisa. Nikageuka kushoto, nikahesabu tano.

"Munamukatala Shetani?" katekista akauliza.

"Tunamukatala," kanisa likajibu.

Nikarudi, nikageuka kulia. Katekista akaniona.

"Narudia," akasema, akiniangalia mimi peke yangu. "Munamukatala Shetani?"

Watu wakajibu tena. Mimi nilikuwa nimegeuka kushoto kwa mara ya tano, macho yangu yametulia kwa mama mmoja aliyekuwa pembeni, ambaye alianza kujifunika. Kando yangu shemeji alikuwa amefika kwenye zoezi la kidevu. Amerudisha kichwa nyuma, amekaza midomo, uso wa mtu anayenusa kitu kilichooza, na uso huo umeelekea altare.

"Wewe mupasua mbao," katekista akasema. "Unamukatala ao haumukatale?"

"Namukatala, Papa," nikajibu, kama tunavyomwita kwetu kila mtu mkubwa. Lakini nilikuwa kwenye ya saba, na tuliambiwa tusikate katikati, kwa hiyo kichwa kilikuwa kinageuka kulia wakati nasema.

"Mudomo inasema ndiyo, kichwa inasema hapana. Tusikie gani?"

"Usikie mudomo, Papa. Kichwa iko kwa dawa."

Alituita mbele. Nikaeleza habari ya infirmie, ya godoro na pembe, na mifupa ya ng'ombe. Katekista alisikiliza mikono ikiwa nyuma. Alipoona hakuna kiburi ndani ya maneno yangu, akasema tuonyeshe yote, kanisa lishuhudie kwamba si mchezo. Tukaonyesha, tukiwa tumesimama mbele ya watu wote, shemeji upande wa altare unaosomewa Injili na mimi upande wa pili.

Katikati ya zoezi la tatu, mama mmoja wa makamo aliyekaa nyuma akasimama. Tangu usichana wake alikuwa akibeba mihogo katika kitunga cha mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso, kama wanawake wote wa kwetu, na kamba ile ilikuwa imemchongea mfereji juu ya nyusi.

"Yangu pia inaliaka, krr, krr," akasema. "Murudilie ile ya kwanza, pole pole. Sikuona muzuri."

Tukarudia. Wanawake wa benchi lake wakasimama na wao. Baadaye wakasimama wote, na wanaume, ili wasionekane wamebaki. Kanisa zima lilirudisha kidevu nyuma kwa pamoja, mara kumi, likimwangalia katekista kama kitu kinachonuka. Alivumilia mpaka ya sita, kisha nikamwona na yeye anajaribu kidogo, ameelekea ukutani. Tulipomaliza akauliza swali lake kwa mara ya tatu, na akaomba kwamba safari hii vichwa vitulie.

Kuanzia siku hiyo mke wangu ndiye aliyekuwa mwalimu. Hakwenda Masisi, lakini maneno ya infirmie niliyomwambia aliyakumbuka kuliko mimi niliyeyasikia. Aliwakusanya wanawake kijitoni walikokuwa wakilowesha mihogo, akawahesabia. Na mimi alinisahihisha. Nilikuwa na tabia ya kusukuma shingo mpaka ilie, nikidhani kilio hicho ndicho dawa.

"Alisema usimame mbele ya maumivu," mke wangu akaniambia. "Wewe unayapita, unaenda kuyangoja upande ule."

Nikamtii, na kweli ganzi ikaanza kuondoka vidoleni. Shemeji hakutii. Ilimchoma kuhesabiwa na mdogo wake.

"Nilimubeba mugongoni huyu," aliniambia. "Leo anihesabie shingo?"

Akaenda kufanya peke yake nyuma ya nyumba. Na kwa kuwa alikuwa fundi, kumi aliziona ni hesabu ya watu wa chini. Akafanya thelathini. Akafanya mia. Alipokuja kazini alikuwa na uso wa kijivu, akasema anaendelea vizuri.

Tulikuwa tumerudi kazini bila kubadilishana. Yeye juu, mimi shimoni, na dari la shule bado linangojewa. Siku ya tatu aliamua kwamba msumeno na mazoezi vinaweza kwenda pamoja: akivuta juu anageuka kushoto, akishusha anageuka kulia. Nilimsikia akihesabu. Alipofika sitini na kitu sauti ikawa nzito. Msumeno ukalegea mkononi mwangu. Nikauona mguu wake mmoja unatafuta gogo mahali ambapo hapakuwa na gogo, unalitafuta kwa utulivu kabisa, kisha shemeji mzima akaja.

Bahati, rundo la unga wa mbao lilikuwa limefika magotini. Alikaa kitako ndani yake, kofia imebaki juu. Hakuumia popote, ila dunia ilikuwa inamzunguka.

"Niko wapi?" akauliza.

"Kwangu," nikamwambia.

Mvua ilikuwa inakuja, na ukiacha msumeno ndani ya mti uliolowa, mti unaubana mpaka upasue kwa shoka. Shemeji hakuweza kusimama vizuri, sembuse kupanda. Hakukuwa na njia nyingine. Nilipanda mimi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja nilisimama juu ya gogo, nikashika mkono wa juu wa msumeno, nikaangalia chini, na shingo yangu ikateremka kama mtu anayekalia kiti chake mwenyewe. Yeye alijiegemeza kwenye ukuta wa shimo, akainua mikono, akavuta. Macho yake yalilazimika kupanda. Yalipanda kwa shida, kwanza magotini kwangu, kisha tumboni.

Niliona ana kipara. Miaka yote hiyo nilijua matundu ya pua yake kama ninavyojua mlango wangu, lakini utosi wake sikuwahi kuuona. Sikusema kitu. Tulimaliza ule ubao, na mstari wake ulikwenda kama njia ya mbuzi.

Kesho yake nilimkuta amefika kabla yangu. Alikuwa ameshaingia shimoni.

"Anza," akasema.

Tukafanya kazi nusu ya asubuhi. Kisha akaniita.

"Shemeji."

"Naam."

"Huku chini iko vumbi."

"Minajua."

"Inaingia ndani ya macho."

"Minajua, shemeji."

Akapangusa uso kwa mkono. "Miaka yote hii haukusema."

"Ulikuwa unaniona," nikamwambia. "Mara ngapi nilivuta macho yamefunga?"

Aliinua uso, safari hii mpaka ukafika kwangu, akaniangalia muda mrefu, macho mekundu yakimwaga machozi ya unga wa libuyu. Kisha akashika msumeno.

Siku ya sita alikuja na kofia aliyoifuma mwenyewe kwa maganda ya migomba, pana kama ungo, ya kukinga vumbi. Mimi nilikaa shimoni miaka kumi na mmoja na wazo hilo halikunijia. Yeye lilimjia kwa siku sita. Nilimpongeza, ingawa sikulala vizuri kwa kulifikiria. Kofia ilizuia vumbi lote. Ilizuia pia gogo, msumeno na mstari, na mbao za majuma yale zilitoka zimepinda hata mke wangu, ambaye si mtu wa kazi hiyo, aliuliza kama tulipasua mti au nyoka.

Mke wangu ndiye aliyepanga zamu: siku moja huyu juu, siku moja yule, na Jumapili wote kanisani. Ndiye pia aliyemketisha kaka yake kizingitini na kumhesabia kumi, si kumi na moja. Shemeji alinung'unika wiki nzima. Alipoona kizunguzungu kimeisha na amefaulu kumwangalia jirani usoni, akaacha kunung'unika, akaanza kuwahimiza wengine kwamba kumi zinatosha, kana kwamba hesabu hiyo aliigundua yeye.

Shingo hazikurudi kuwa mpya. Infirmie, tulipopeleka mbao Masisi, alizishika tena kwenye benchi lile, akasema pembe ziko palepale na zitabaki, ila nyama iliyozizunguka imepata nguvu, na hiyo ndiyo inayobeba. Wakati wa mvua zilituuma. Tukiacha mazoezi juma moja, vidole vilitukumbusha. Mzungu aliyejenga shule alipiga kelele kuhusu mbao zilizopinda, kisha akazipigilia kwenye dari la chumba cha mwisho, kile cha watoto wadogo wa mwaka wa kwanza, akasema hao bado hawajui mstari ulionyooka ukoje.